Usiache mbachao: Nasaha kwa familia zinazonunua nyumba Kabanga

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunakusudia kuzungumzia jambo linalogusa mifuko na usingizi wa familia nyingi za Ngara na Biharamulo, nalo ni ununuzi wa nyumba na viwanja katika wakati huu ambao soko linabadilika kila uchao.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa ni moja, japokuwa waulizaji ni wengi: je, tununue sasa Kabanga kabla bei haijapanda zaidi, au tusubiri? Muulizaji mmoja ni mwalimu aliyeweka akiba kwa miaka mingi. Mwingine ni mama mfanyabiashara wa mpakani. Wa tatu ni mzee aliyefanyiwa tathmini ya shamba lake na anangoja fidia. Wote hao wana shaka moja, kwamba wakichelewa watakosa, na wakiharakisha watapotea. Kwa hiyo tumeona tulijibu swali hili kwa upana wake.

Kimebadilika nini?

Kabanga haikuwa mji mkubwa. Wazee wetu wa Kihangaza walijua nyumba kuwa ni boma lililozungukwa na migomba na mibuni, lililorithiwa kutoka kwa baba na kuachiwa mtoto. Nyumba ya kuuzwa ilikuwa jambo la nadra, na aliyeuza kihame chake alitazamwa kwa huruma.

Mambo mawili yamebadili hali hiyo. La kwanza ni mpaka. Barabara inayotoka Lusahunga wilayani Biharamulo hugawanyika Nyakasanza, moja ikaenda Rusumo kuelekea Rwanda, nyingine ikaja Kabanga hadi Kobero, upande wa Burundi. Malori yanayopeleka shehena Bujumbura kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapa, na kituo cha pamoja cha mpaka kimeleta maofisa, mawakala wa forodha, madereva na wafanyabiashara. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala na pa kuishi na familia zao.

La pili ni nikeli. Habari za madini haya si ngeni kwa wenyeji, kwani utafiti ulianza tangu miaka ya 1970, na tangu hapo kampuni moja baada ya nyingine zimekuja na kuondoka. Mwaka 2018 Serikali ilifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, ikiwamo ya Kabanga. Januari 2021 Serikali ikatia saini makubaliano mapya, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali ina hisa asilimia 16 ndani yake, na Oktoba mwaka huo huo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Mwaka 2022 kampuni kubwa ya BHP ikaingiza fedha katika mradi huo. Katika miaka iliyofuata watu waishio ndani ya eneo la mradi walifanyiwa tathmini kwa ajili ya fidia na kuhamishwa.

Kila habari ya namna hiyo inapotangazwa, bei za viwanja hutikisika. Kiwanja kilichouzwa jana kwa bei ya mahindi huombwa leo bei ya mjini. Madalali ambao jana hawakuwapo leo wako kila kona, na kila mmoja anasema anamjua mtu wa ndani.

Ngara imeyaona haya kabla

Ndugu msomaji, ni vema tukumbuke, kwani mwenye kusahau ya jana huikosea kesho. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 tu. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Mashirika ya misaada yakaja na magari, wafanyakazi na fedha, nyumba za kupanga zikatafutwa kwa udi na uvumba, na kodi za pango zikapanda. Kisha Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarejea kwao. Kambi ya Lukole, iliyokuwa ya wakimbizi wa Burundi, nayo ikafungwa mwaka 2008. Mahitaji yale ya nyumba yaliondoka pamoja na magari ya mashirika, na aliyejenga kwa kutegemea mpangaji wa shirika peke yake akabaki na milango iliyofungwa.

Mfano mwingine uko jirani, Biharamulo. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na mwaka 2013 kampuni iliyokuwa ikiuendesha ikauhamishia kwa shirika la Serikali, STAMICO. Ni miaka minane tu baina ya kuja na kuondoka. Mtoto aliyezaliwa mgodi unafunguliwa alikuwa bado darasa la pili.

Na nikeli yenyewe tuitazame. Machi 2022 bei yake katika soko la metali la London iliruka kupita dola 100,000 kwa tani, hata biashara ikasimamishwa. Katika miaka ya 2024 na 2025 wastani wake ulikuwa kati ya dola 15,000 na 17,000. BHP ile ile iliyoingia kwa kishindo mwaka 2022 iliuza hisa zake na kutoka katika mradi wa Kabanga Julai 2025, na hisa hizo zikachukuliwa na mshirika wake, Lifezone Metals.

Hatusemi haya kwa kuutabiria mgodi mabaya. Tunamuomba Mwenyezi Mungu aujaalie uwe wa kheri kwa wana Ngara na kwa taifa zima. Tunachosema ni kwamba bei ya kiwanja cha Kabanga imefungamana na maamuzi yanayofanyika London na kwingineko, mahali ambapo mwalimu wetu na mama yetu wa mpakani hawana sauti wala masikio. Mtu mwenye busara hafungi riziki ya watoto wake kwenye kamba ambayo ncha yake haioni.

Nyumba ni utulivu kwanza

Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba amezijaalia nyumba zetu kuwa mahali pa kupata utulivu. Wanazuoni wameliangalia neno hilo kwa makini. Nyumba inaweza kuleta faida, hapana ubaya, lakini lengo lake la kwanza ni kumtuliza aliyemo. Nyumba iliyonunuliwa kwa deni lisilolipika, au yenye mgogoro wa umiliki, imekosa lengo hilo hata kama ukuta wake una vigae vya rangi. Waswahili walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango.

Kwa hiyo tunampa kila mnunuzi kipimo kimoja chepesi. Ajiulize: mgodi ukichelewa miaka kumi, au usipofunguliwa kabisa, je, bado nitafurahi kuwa na nyumba hii kwa bei hii? Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa sababu iko karibu na kazi yake, na shule ya watoto, na maji, na msikiti, basi anunue kwa jina la Mwenyezi Mungu, wala asihangaishwe na habari za kupanda na kushuka. Ikiwa jibu ni hapana, basi anachonunua ni uvumi.

Kipimo cha pili ni hesabu ya pango. Tuchukue mfano: nyumba inauzwa shilingi 30,000,000, na nyumba inayofanana nayo mtaa huo huo inapangishwa kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani shilingi 960,000 kwa mwaka. Ukigawa, utaona bei hiyo ni sawa na pango la zaidi ya miaka 31. Hapo ndipo familia inapaswa kukaa na kutafakari kama si bora kuendelea kupanga, huku ikinunua kiwanja cha bei nafuu na kujenga kidogo kidogo kwa matofali ya kuchoma, kama walivyofanya wengi waliotutangulia. Lakini bei ikiwa ni sawa na pango la miaka kumi au kumi na miwili, mazungumzo yanakuwa mengine.

Nani ana haki ya kuuza?

Hapa ndipo watu wengi wanapoangamia. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kitu asichokuwa nacho, na akatuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi japo kadiri ya shibri atavishwa shingoni mwake ardhi saba Siku ya Kiyama. Basi mnunuzi anapaswa kuhakikisha kwamba anayepokea fedha zake ndiye mwenye haki ya kuzipokea. Tunataja milango mitano ambayo lazima aigonge.

Mlango wa kwanza ni aina ya ardhi. Tanzania ina Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Mnunuzi aulize kwanza: kiwanja hiki kiko katika eneo la mji lililopimwa, au katika ardhi ya kijiji? Kama kimepimwa na kina hati, upekuzi ufanyike katika ofisi ya msajili. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo mtu wa Kagera halazimiki tena kusafiri mbali nje ya mkoa wake. Kama ni ardhi ya kijiji, mauziano yanahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji, iliyokaa kikao na kuandika muhtasari. Saini na muhuri wa mwenyekiti peke yake, vilivyopatikana nyumbani kwake jioni, si ridhaa ya halmashauri. Barua za namna hiyo zimezagaa, na nyingi huja kufa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tukumbuke pia kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, halitoi hukumu, hivyo mgogoro ukishindikana kusuluhishwa hapo safari huwa ndefu na ya gharama.

Mlango wa pili ni mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani makazi ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Bwana mmoja akikuambia, "Mke wangu hana neno," mwambie kwa upole kwamba ungependa kulisikia hilo kutoka kwake, na aliandike. Ikiwa ana wake wawili, uliza nyumba hiyo ni makazi ya nani. Wapo wanunuzi waliolipa fedha halali, kisha wakamkuta mama na watoto wamekaa ndani, hawana habari yoyote ya mauzo.

Mlango wa tatu ni mirathi. Boma nyingi za Ngara ni za marehemu ambaye mali yake haijagawanywa. Kaka mkubwa huuza kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani, huku dada zake walioolewa Kahama au Mwanza wana mafungu yao ndani ya boma hilo kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Usinunue mali ya marehemu mpaka uone barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi na saini za warithi. Kumla yatima kwa kutojua ni msiba, na kumla kwa kutokuuliza ni dhambi.

Mlango wa nne ni jirani na mshirika. Katika fiqhi yetu iko haki iitwayo shufaa, ambayo mshirika katika mali isiyogawanywa anayo kabla ya mgeni, na Mtume (S.A.W.) ameelekeza mshirika aarifiwe kabla ya kuuza. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, ameiweka haki hiyo kwa mshirika, na wanazuoni wa Kihanafi wakaiongeza kwa jirani. Hata pale ambapo hailazimiki, kumuuliza jirani kuna faida kubwa, kwani yeye ndiye anayeijua mipaka. Tembeeni naye kwenye mipaka mchana kweupe, mkitazama jiwe kwa jiwe na mti kwa mti.

Mlango wa tano unawahusu watu wa mpakani hasa. Sheria yetu hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda ni majirani na wengine ni wakwe zetu, na wana haki zote za ujirani mwema. Lakini anayekubali jina lake liandikwe kwenye nyumba ya mgeni kwa malipo kidogo anawatia wote wawili katika mtego. Akifa, warithi wake wataidai nyumba kuwa ni yao, na mwenye fedha hatakuwa na pa kusemea.

Mkataba na dalali

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kushuhudishana. Wazee wetu wakalifupisha hilo katika methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa nyumba uandikwe na mtu anayejua, mbele ya wakili ikiwezekana. Utaje ukubwa, mipaka yote minne, bei, tarehe za malipo, siku ya kukabidhi, na nani atalipa ushuru wa stempu. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni ya muuzaji, lakini bila stakabadhi yake uhamisho wa hati hukwama. Basi liandikwe mapema. Fedha nyingi zipitie benki, na mashahidi watoke pande zote mbili.

Lipo pia suala la malipo ya awali, ambayo katika fiqhi huitwa urbuni. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwamo Mashafii, hawakuikubali hali ya muuzaji kuzichukua fedha hizo bure mnunuzi anapojitoa. Imamu Ahmad ameiruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana mwaka 1993 liliiruhusu kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwekwe wazi. Kwa hiyo mkataba useme bayana: fedha hizi ni sehemu ya bei, muda wake ni siku kadha, na mnunuzi akijitoa hali itakuwa hivi. Wasioandika hilo huishia kugombana, na mara nyingi mnyonge ndiye anayepoteza.

Ama dalali, kazi yake ni halali akiwa mkweli. Kilicho haramu ni kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) amelikataza kwa jina la najash. Ukiambiwa kwamba kuna tajiri kutoka Mwanza anakuja kesho na fedha mkononi, mwachie tajiri huyo. Kama yupo, riziki yake na ifike. Kama hayupo, kiwanja utakikuta kesho kutwa, huenda kwa bei iliyopungua. Na ukweli una wajibu kwa muuzaji pia: aseme wazi kama ukuta una ufa, kama bonde hufurika masika, kama kuna kesi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini yake, alimkemea mwenye nafaka kwa kuficha kasoro. Nyumba ni nzito kuliko nafaka.

Fedha zitoke wapi?

Mikopo ya nyumba katika nchi yetu imepanuka tangu ilipotungwa sheria ya mikopo ya rehani mwaka 2008. Hata hivyo, mingi ni ya riba, na Muislamu anajua hukumu ya riba katika aya ya 275 ya Suratul Baqara, ambamo biashara imehalalishwa na riba ikaharamishwa. Njia za halali zipo. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo, mfano Al Barakah ya CRDB iliyoanza mwaka 2021.

Katika murabaha, benki huinunua nyumba, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa bei inayojumuisha faida iliyotajwa. Tuseme imenunua kwa shilingi 30,000,000 na kukuuzia kwa 36,000,000 kwa miaka mitano. Utalipa 600,000 kila mwezi, na bei haitaongezeka baada ya mkataba hata ukichelewa. Katika musharaka ya kupungua, mnanunua kwa ubia, tuseme wewe asilimia 30 na benki 70, nawe unalipa pango la fungu la benki huku ukilinunua polepole mpaka nyumba ibaki yako peke yako. Lakini benki hutaka nyumba yenye hati safi na mapato yanayothibitika, hivyo kwa wengi wa Kabanga njia hii itafunguka baada ya kupima na kusajili ardhi zao.

Kwa walio wengi, njia iliyo karibu ni kununua kwa awamu kutoka kwa muuzaji mwenyewe. Hilo ni halali hata kama bei ya awamu ni kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba mkubaliane bei moja kabla hamjaachana. Muuzaji anaweza kusema, taslimu ni 12,000,000, au kwa miezi 24 ni 14,400,000. Ukichagua ya pili, utalipa 600,000 kwa mwezi, na hapo mlango wa kuongeza umefungwa. Akisema utakapochelewa ataongeza, hiyo ni riba ya wazi.

Tunaongeza usia mmoja: familia isitoe akiba yake yote. Ibaki ya chakula, ada na maradhi kwa miezi sita angalau. Atakayenunua nyumba kisha akauza mabati yake ili amtibu mtoto atakuwa amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Neno kwa waliolipwa fidia

Sasa tunamgeukia mzee wetu anayengoja fidia, kwani yeye ndiye mnunuzi aliye hatarini kuliko wote. Kwa mujibu wa kanuni za fidia za mwaka 2001, anayestahiki hupimiwa thamani ya ardhi kwa bei ya soko, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36, na hasara ya faida pale inapohusika. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 nayo imeweka kwamba tathmini huisha nguvu baada ya miaka miwili. Mzee asitie saini karatasi asiyoielewa. Amwite mwanawe anayesoma, waipitie fomu mstari kwa mstari, wahesabu migomba na mibuni, na nakala ibaki nyumbani.

Tatizo kubwa huanza siku fedha zinapoingia. Mtu ambaye hajawahi kushika milioni tano huona kumi na tano haziishi. Pikipiki mbili, harusi ya fahari, mkopo kwa shemeji, na baada ya mwaka hana shamba wala nyumba wala fedha. Wakati huo huo bei za viwanja jirani zimepanda kwa sababu waliolipwa wote wameingia sokoni mwezi mmoja. Imepokewa na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kuuza nyumba au ardhi kisha asiiweke thamani yake katika kitu mfano wake, yu hatarini kutobarikiwa katika fedha hizo. Ndugu zangu, tuyazingatie mafundisho haya. Ardhi ilijibu mahitaji ya babu, ya baba na ya mjukuu. Fedha hujibu hitaji la aliyeishika tu, tena siku ile.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba mzee atafute mahali pa kuhamia kabla fidia haijafika, aulizie bei katika kata za mbali kidogo na mradi ambako watu wengi hawajaelekea, na fedha zikiingia jambo la kwanza liwe ardhi ya kulima na paa la kulalia. Mkewe awepo katika kila hatua, na jina lake liandikwe. Harusi itasubiri. Na kwa yule ambaye hakuguswa na mradi, lakini ameambiwa auze boma la urithi kwa bei nono ili akapange mjini, tunamkumbushia methali ya wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wajibu wetu sote

Mwisho, tunawaomba maimamu na walimu wa madrasa walifanye suala hili kuwa sehemu ya darsa zao. Msikiti uwe na watu wawili au watatu wanaojua taratibu za ardhi, ambao familia inaweza kuwapelekea mkataba kabla ya kutia saini. Wenye nyumba za kupangisha nao wamche Mwenyezi Mungu. Mpangaji wa miaka mingi asiamshwe asubuhi na kodi maradufu kwa kuwa redio imetaja nikeli. Apewe taarifa mapema na apewe muda.

Na wewe mnunuzi, kaa na mwenzi wako leo baada ya Isha, chukueni karatasi, mwandike: tunahitaji nini, tuna kiasi gani, nani atathibitisha umiliki, na tutalipaje bila riba. Kisha salini Istikhara. Soko litaendelea kupanda na kushuka, na malori yataendelea kuelekea Kobero, ila familia iliyoingia ndani ya nyumba isiyo na deni la haramu, isiyo na dhulma ya yatima na isiyo na kesi, hiyo italala usingizi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azipe familia zetu makazi mema duniani, na atujaalie makazi yaliyo bora zaidi kesho Akhera. Amin. Wabillahi tawfiq.